Boma Lililoezekwa Mapema

Kazi yangu ilikuwa kuomba, nasema bila aibu. Miaka mingi nilikuwa afisa mipango katika halmashauri moja huku Pwani, kutwa naandika maandiko ya kuiomba serikali kuu fedha: kisima, daraja, darasa, zahanati. Wenzangu ofisini waliniita ombaomba mwenye kompyuta. Nilikuwa nacheka nao, ila kimoyomoyo naudhika.

Nilipanga vyumba viwili Kongowe. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wana miji yao, na kwetu Kisarawe nilikuwa naenda Idi kwa Idi. Jumapili zilinichosha kuliko Jumatatu. Niliweza kushinda mpaka jioni bila mtu kunisemesha, mwishowe naenda dukani kununua kiberiti nisichokihitaji, basi tu niulizwe habari za nyumbani. Upweke ule ndio ulioniponza.

Kijiji kimoja upande wa Gwata kilitaka zahanati. Utaratibu wetu ni kwamba wananchi wanaanza wenyewe: wanafyatua tofali, wanachota maji na mchanga, wanapandisha kuta hadi usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha. Hapo linaitwa boma, na ndipo tunaiomba serikali ije kuezeka na kumalizia. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkulima wa mihogo, mkali huyo, usiombe! Mkwe wake alijifungulia njiani akikimbizwa hospitali Mlandizi kwa bodaboda, na mtoto hakupona. Tangu hapo mama yule akawa anagonga milango ya watu alfajiri, "Amkeni! Tofali hazijifyatui!" Kuta zikafika lenta. Nikaandika andiko, safari hii kwa moyo wangu wote, na habari zikaja kwamba wakaguzi wanatoka Dodoma kuja kuliona boma.

Jumapili kabla ya ukaguzi, simu yangu ikaita. Alikuwa yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hao wageni wako tutawakalisha wapi na jua hili? Ninayo mabati niliyonunua ya nyumba yangu. Tukiezeka chumba kimoja tu, itakuwa vibaya?"

Nilikuwa nakula kiporo cha wali, peke yangu, na sauti ya mtu ilinifurahisha kupita kiasi. Tukaongea mvua, tukaongea nguruwe pori wanaoila mihogo yake, tukaongea mguu wake unaomsumbua. Kuhusu mabati nikajibu kwa mdomo mwepesi, "Ezekeni tu, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sikufikiri hata kidogo, mimi niliyeijua fomu ya ukaguzi mstari kwa mstari.

Wakaguzi wakaketi kivulini chini ya mabati yale, wakanywa madafu, wakasifu. Kisha mmoja akafungua fomu: jengo limeezekwa? Akaandika ndiyo. Fungu lile lilikuwa la maboma ambayo hayajaezekwa. Nilimfuata mpaka kwenye gari, nikambembeleza, nikamwonyesha vyumba vingine vyote vilivyo wazi. "Mzee, mimi naandika ninachokiona," akasema, akafunga mlango. Kijiji kikaondolewa kwenye orodha.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, watu walikuja wamefura. Mwaka mzima wa tofali, jamani! Wakauliza, nani alisema tuezeke? Nilikuwa meza kuu, na chupa ya maji mbele yangu. Nikajiambia, nasimama sasa hivi. Halafu nikawaza kazi yangu, na nikawaza watu wale, maana hapakuwa na mahali pengine duniani palipokuwa panashangilia nikifika. Mama yule akanitazama mara moja tu, kisha akasimama yeye.

"Mimi. Mabati yangu, akili yangu."

Wakamzomea. Wakamvua uenyekiti palepale, mbele ya wakwe na wajukuu. Mimi nikafungua ile chupa nikanywa maji. Lahaula! Mwanamume mzima.

Mabati yakaezuliwa. Mwaka uliofuata nikaandika upya, fedha zikaja, zahanati ikamalizika. Siku ya kuifungua nilivishwa maua shingoni, nikapewa na jogoo. Nikamtafuta mama yule kwa macho, sikumwona. Nikaondoka kimyakimya kwenda kwake, nikamkuta uani anamenya mihogo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba ninarudi sasa hivi kuwaambia watu wote kuwa aliyesema ezekeni ni mimi.

"Usiwaharibie sherehe," akasema. "Zahanati tumeipata. Wakina mama hawatazalia tena njiani."

Akamenya muhogo mmoja akaumaliza, akachukua mwingine. Nilidhani amemaliza na mimi.

"Ila siku ile, mwanangu, sikukutazama ili useme ni wewe. Una wakubwa zako, nayajua hayo. Nilikutazama ili uje usimame karibu yangu tu, nisizomewe peke yangu."

Kule zahanati ngoma zilikuwa zinalia na mtu alikuwa akilitaja jina langu kwenye kipaza sauti. Nikarudi. Wakaniketisha tena mbele, wakanipigia makofi, nami nikayapokea.