Mpira wa Chediel na vikombe vinane vya Kwelea

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, mwaka 1992, jua la Singida mjini bado halijaanza ukali wake, na Fundi Chediel amembana adui yake katikati ya magoti, anampa pumzi.

Adui mwenyewe ni mpira wa pete. Ni mweupe, wa dukani, umetoka kwenye boksi jana. Una maandishi ya kigeni ambayo Fundi hayasomi, na harufu ya plastiki ambayo hakuiomba. Timu ya netiboli ya mkoa imenunua mpira lakini haikukumbuka kununua pampu, na mjini hapa mwenye sindano ya kujazia mpira anajulikana ni mmoja. Ndiyo maana mtu aliyewashonea mipira miaka minane ameletewa mpira wa kumwondoa kazini, aujaze upepo.

"Ni kama kuagizwa umtandikie kitanda mke mwenzio," anasema Dorkas, mkewe, huku akimsogezea kikombe cha uji.

Fundi anaubonyeza mpira kwa kidole gumba, anauweka kwenye sakafu ya baraza, anausukuma. Unabingirika, unasimama. Anausukuma tena. Unasimama popote unapochoka, haulalii upande wowote.

"Hauna ubaya," anasema mwishoni. "Nimeutafuta ubaya wake tangu jana, sijauona."

Alute, mwenye duka ambaye baraza lake ndilo ofisi ya Fundi kwa miaka kumi na moja sasa, anachungulia juu ya kaunta. Yeye ndiye aliyeuza mpira huo, shilingi elfu saba, na mingine minne imepangwa nyuma yake kama mayai ya mbuni.

"Fundi, usiuogope, haung'ati."

"Siuogopi. Nauonea huruma. Umesafiri mbali kote huko, uje ubandikwe viraka na mimi."

"Ukipasuka nitakuletea."

"Utapasuka. Miba ya Singida haijasikia habari za ruksa ya bidhaa za nje."

Wanacheka wote, lakini Fundi ndiye anayeacha kucheka kwanza.

Keshokutwa, Jumamosi, timu ya mkoa inayoitwa Kwelea itacheza na Zabibu ya Dodoma kuwania kombe la kanda. Kwa mara ya kwanza, kamati ya kanda imeamua utumike mpira wa dukani. Kwa Chediel, mwenye miaka hamsini na minane, mkazi wa Unyambwa, mechi hiyo ina mawili. Kwelea wakishinda, hakuna atakayeuliza tena mpira wake. Wakifungwa, watu watasema yale ambayo Dodoma wamekuwa wakisema siku zote, kwamba vikombe vinane vya Kwelea vililetwa na mpira uliopinda.

Akiulizwa anaombea lipi, anachukua kiatu cha mtumba kilichofunguka mdomo na kukitazama kooni kama daktari.

"Niulizeni habari za soli," anasema.

Kwelea ilianzishwa mwaka 1981 na akina mama na mabinti wa mjini: walimu, wauguzi, wauza mafuta ya alizeti, karani mmoja wa mahakama. Jina walilichukua kwa ndege wale wanaomaliza uwele shambani. Wanatua, wanasafisha, wanaondoka. Wakulima hawakulipenda jina hilo, lakini wakulima hawakuwa wafungaji.

Mwaka 1984 ilikuwa zamu ya Singida kuandaa mashindano ya kanda. Zikiwa zimebaki siku nne, mpira wao pekee uliangukia kwenye michongoma ukapasuka. Ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni ilitafutwa kwa barua ya utambulisho, sembuse mpira. Nahodha wa wakati huo, Mwalimu Asnath, aliufunga mpira kwenye kanga kama mtoto mgonjwa, akaupeleka kwa mshona viatu.

Chediel alikuwa hajawahi kushona mpira maishani. Aliufumua wote, akahesabu vipande kumi na vinane, akakata vingine kama hivyo kwenye ngozi ya ng'ombe aliyoilainisha mwenyewe kwa magome ya mti. Kibofu alikitengeneza kwa tyubu ya baiskeli na solusheni. Uzi aliuchomoa kwenye tairi bovu, akaupaka nta ya nyuki. Alitoboa kwa msharasi, ile sindano ya washona viatu, mpaka vidole vikafanana na nyanya.

"Kasoro ilikuja mwisho," anasimulia. "Ngozi iliniishia. Nikamalizia kipande kimoja kwa ngozi ya shingo."

Aliyewahi kuchuna maksai anajua. Shingo iliyobeba nira miaka kumi ni nene kuliko kisigino cha mwenye nira. Mpira ukawa mzito upande mmoja. Ukirushwa, ulikwenda vizuri mpaka katikati ya safari, halafu ukageuka kidogo kama mtu aliyekumbuka amesahau ugoro nyumbani.

Chediel aliona aibu akataka kuufumua. Muda haukuwepo. Wasichana wakafanya nao mazoezi siku moja tu, wakaijua tabia yake: unaushika mshono mnene wa kile kipande cha shingo ukiwa juu, unalenga kiganja kimoja kushoto mwa pete, unaachia. Wageni hawakuambiwa. Walirusha kwenye pete, mpira ukaenda kuwasalimia watazamaji. Kwelea walishinda thelathini na moja kwa kumi na mbili.

Jumatatu yake Mwalimu Asnath alifika barazani.

"Shikamoo, Baba Peniel."

"Marahaba, mwalimu. Nisamehe kwa ule mpira. Nimeshaanza kushona mwingine, ulionyooka."

"Usiunyooshe."

"Nisiunyooshe?"

"Baba, mtu akikupa mbuzi wa maziwa, unamuuliza kwa nini ana pembe moja?"

Desturi ya kanda ilikuwa kwamba bingwa ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata, na mwenyeji ndiye mwenye mpira. Basi kombe likaingia Singida likakosa njia ya kutokea. Kila mwaka Chediel alishona mpira mmoja mpya, kazi ya siku tatu, na kila mwaka alitafuta shingo ya maksai kama mganga anayetafuta mzizi. Vikombe vikawa vinne.

Kwelea walipokwenda kucheza nje ya mkoa walifungwa karibu kila mahali. Cecilia, kocha wa Zabibu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe mtoni, alikuwa na jibu lake. "Wale si mabingwa wa kanda," alisema. "Wale ni mabingwa wa mshono." Mpira wenyewe aliupa jina la Mlevi.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo Chediel aliificha miaka minne, akimwambia Dorkas peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1988, kanisani, mhubiri alizungumzia mfanyabiashara mwenye jiwe pungufu la kupimia. "Dorkas akanigusa kwa kiwiko," anasema Chediel. "Nikajua hayo si mahubiri tena, ni mimi nasomwa."

Mwaka huo alianza kuupunguza ule uzito kwa kuiparua ngozi ya shingo, kidogo kidogo wakati wa mazoezi, mpaka siku ya mashindano mpira ukawa umenyooka kabisa. Juu ya mshono alizungusha uzi mara mbili, ili wasichana wauone unene wao na kuridhika. Mikono yao ilijirekebisha yenyewe bila kuwaambia wenyewe. Wageni nao waliushika kama mtu aliyeshika yai la mwenziwe. Kwelea wakashinda tena mwaka huo, na miaka mitatu iliyofuata, kwa mipira isiyo na shingo kabisa.

Kwa nini hakuwaambia?

"Kwanza niliona aibu. Halafu nikaogopa. Nikisema umenyooka, watasema kama ni kunyooka tu, hata wa dukani utanyooka, tuungoje." Anafuta nta vidoleni. "Kazi ya viatu naiokota njiani tu, mtu akikatikiwa. Mpira ndio kazi niliyofuatwa."

"Mwanaume," anasema Dorkas, akikusanya vikombe, "anaogopa kunyang'anywa kazi kuliko kunyang'anywa mke. Mke, anajua watamwachia tu."

Jumamosi, saa kumi jioni, uwanja umejaa. Chediel amesimama nyuma ya benchi la Kwelea na kikapu cha ukili mkononi. Ndani ya kikapu umo mpira wa mwaka huu, ambao hakuna aliyeuagiza. Aliushona tu, mkono haukukubali mwaka upite hivihivi.

Mechi inaanza vibaya. Rebeka, mfungaji wa Kwelea, muuza mafuta ya alizeti mwenye mikono mirefu, anapokea mpira karibu na pete, anaugeuza, anaugeuza tena. Anatafuta mshono mnene. Katika netiboli mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Filimbi inalia, mpira unapewa Zabibu.

Anapokea tena. Anageuza tena. Filimbi.

"Dada, umepoteza nini humo?" anauliza mlinzi wa Zabibu. "Nikusaidie kutafuta?"

Kwelea wote wamepata ugonjwa huo. Wanarusha kwa woga, wanadaka kwa mashaka. Mapumziko yanafika, Zabibu kumi na saba, Kwelea tisa.

Mwalimu Asnath, ambaye sasa ndiye kocha, anakwenda moja kwa moja kwa Chediel.

"Baba Peniel, umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

"Kamati inasema timu zikikubaliana, ruksa kubadilisha. Nimemuuliza Cecilia. Amesema mleteni huyo Mlevi wenu, tumeshamzoea."

Njia ipo wazi. Atoe mpira, anyamaze, Kwelea washike mshono wao na roho zao zitulie. Wakishinda, mwakani ataagizwa tena, na mwaka utakaofuata.

Chediel anautoa mpira kikapuni. Hampi mwalimu. Anapita katikati ya wachezaji wanaokunywa maji, anauweka juu ya benchi refu la mbao na kuusukuma taratibu. Unabingirika, unasimama. Anausukuma urudi. Unasimama penginepo. Anauchukua ule mweupe, anafanya hivyohivyo kando yake.

"Tazameni. Hawa ni ndugu," anasema. "Hakuna shingo humu. Mshono mnaoushika ni uzi tu."

Rebeka anausukuma mwenyewe, mara mbili, mara tatu.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu themanini na nane."

"Miaka minne natafuta mshono usiokuwepo?"

"Ulikuwa unafunga, mwanangu. Mimi sijawahi kukufungia hata goli moja."

Mwalimu Asnath anamtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani.

"Ungetuambia."

"Mngeniacha."

Mwalimu anafikiri. Si mtu wa kusema uongo ili kumfurahisha mzee. "Kweli," anasema. "Tungekuacha." Kisha anauchukua mpira mweupe kutoka kwenye benchi, anamrushia Rebeka kwa nguvu, na Rebeka anaudaka bila kuutazama.

Nusu ya pili ni mchezo mwingine. Rebeka anapokea, anarusha. Hageuzi kitu. Kwelea wanatua, wanasafisha, na Cecilia anaanza kuita wachezaji wake kwa majina yao ya ubatizo, yale ya kirefu. Kumi na tisa kwa kumi na tatu. Ishirini na mbili kwa kumi na tisa. Ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Mama mmoja muuza karanga amesimama juu ya ndoo yake mwenyewe na hajui.

Filimbi ya mwisho inapolia, ni Zabibu ishirini na sita, Kwelea ishirini na tano. Kombe limepata njia ya kutoka Singida.

Wapo wanaomjia juu Chediel palepale. Angetoa mpira wake, wanasema, angenyamaza, kombe lingebaki. Yeye anaitikia kwa kichwa tu, maana huenda ni kweli. Cecilia anamaliza kubebwa juu na wasichana wake, anashuka, anakuja kumpa mkono.

"Kumi na sita kwa tisa," anasema. Amezihesabu mwenyewe za nusu ya pili. "Mzee, hawa watoto walikuwa wanajua kucheza siku zote hizo?"

"Siku zote hizo."

"Basi mwakani nitalala mapema."

Jumatatu, barazani, Alute ameuza mipira miwili zaidi na anajitahidi asionekane mwenye furaha. Timu ya mkoa haijaagiza kitu kwa Chediel na haitaagiza. Lakini Mwalimu Asnath amepita kabla ya kengele ya shule, akaacha ujumbe. Shule za msingi nne za upande wa Unyambwa hazina mpira hata wa kuazima. Elfu saba hawana. Ngozi wanayo, wazazi watachanga, na mmoja wa wazazi anachinja kila Ijumaa.

Chediel amekubali. Mpira wa kwanza ameuanza, vipande kumi na vinane, vyote vya mgongoni. Safari hii ana jambo jipya. Pembeni yake, ndani ya jiko la mkaa, umelala msumari mnene ukiwa mwekundu kwenye ncha. Anataka kuchoma jina lake kwenye ngozi kabla hajaishona. Miaka yote minane hakuna mpira wake uliokuwa na jina.

"Ule uliopinda ningeuandikaje jina?" anasema. "Mtu angejua pa kunifuata. Na ule ulionyooka ningeuandika, wangeuliza una nini mpaka ukapewa jina."

"Andika na Unyambwa," anasema Dorkas. "Wasije wakampata Chediel mwingine, wakamshukuru yeye."

Fundi anauinua msumari kwa koleo, anaupuliza majivu yatoke, anauinamisha kwenye ngozi. Moshi mdogo unapanda. Anaandika polepole, ulimi ukiwa nje kidogo, herufi moja baada ya nyingine.

"Nataka kitu kimoja tu," anasema bila kuinua kichwa. "Mtoto wa Unyambwa akikosa goli, ajue kabisa kwamba amekosa yeye."