Persida Anunua Grenda

Mwezi wa tisa Leposava aliteleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika nyonga. Aliporudishwa kutoka hospitalini Niš, alimwambia mkaza mwanawe, Persida, neno moja tu: yeye si gunia la viazi, habebwi na mtu.

Ngazi za nyumba yao pale Knjaževac zina vidato saba toka jikoni hadi uani, na huko uani ndiko kuliko na mizabibu, kuku, na benchi alilokalia bibi huyo kila siku ya Mungu tangu aolewe. Sasa ana miaka themanini na minne na mguu mmoja usioaminika. Pasipo reli ya kushikia, hashuki. Basi akawa anashinda dirishani, kanuna.

Persida alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba. Miaka ishirini na minane aliisimamia mashine ya kufuma soksi mpaka kiwanda kikafungwa, na siku hizi alikuwa akisafisha shule. Alimwendea Žika, fundi wa kuchomelea wa mtaa wao. Žika akaja, akapima ngazi kwa kamba, akanywa glasi mbili za rakija, pombe kali ya matunda, akasema, "Jumatatu, dada." Zikapita Jumatatu tano.

"Huyo fundi wako," Leposava alisema, "ataleta reli siku ya mazishi yangu. Mtaishikilia mkiteremsha jeneza."

Mabomba ya chuma yalikuwepo, yale yaliyobeba mizabibu ya zamani, yamelazwa nyuma ya banda na kuota kutu. Persida akawaza: kinachomchelewesha Žika si kuchomelea, ni kukata na kusugua. Akiikuta kazi hiyo imekwisha, atakosa pa kujificha. Akachukua msumeno wa mkono. Bomba moja lilimmalizia asubuhi nzima, na bega likamgomea siku mbili.

Hapo akatokea shemeji yake, Radiša, mdogo wa marehemu mumewe, na grenda, mashine ya kukatia chuma, kubwa, aliyoinunua mnadani kwa bei ya kutupa. Diski yake ilikuwa na upana wa sahani ya supu, na kinga haikuwepo.

"Kinga yake iko wapi?" Persida akauliza.

"Ya nini? Inakuzibia tu usione unapokata."

"Na ikinirukia?"

"Shemeji, hii ni mashine ya wanaume. Wewe ishike vizuri, basi."

Aliishika vizuri. Lakini bomba alikuwa amelilaza juu ya magogo mawili, gogo moja kila upande, na diski ilipokaribia kulimaliza, bomba likabonyea katikati, mkato ukajifumba, ukaibana diski kama mlango unavyobana kidole. Grenda iliruka na mlio kama wa bunduki. Alipofumbua macho alikuwa amekaa chini, mzima, na mashine bado inanguruma kwenye majani, maana swichi yake ukishaisukuma haijirudishi. Radiša ndiye aliyekimbia kuchomoa waya.

Kipande cha diski kilikuwa kimetoboa pipa la kabichi iliyolowekwa chumvi. Maji ya chumvi yalikuwa yakitiririka ua mzima, na kabichi hiyo ndiyo ya kula majira yote ya baridi.

Dirisha likafunguka. "Radiša! Umeua mtu au umeua kabichi?"

"Kabichi, mama."

"Basi kalete pipa jingine. Na hilo dubwana lako rudi nalo lilikotoka!"

Mashine hiyo haikumtia Persida hofu, ilimtia hasira. Kiwandani walijua kwamba mashine mbaya haipewi mtu hodari aivumilie. Inatolewa, inaletwa nzuri.

Jumamosi akaenda duka la vifaa. Muuzaji akamtazama.

"Unamnunulia mzee?"

"Mzee yuko kaburini. Yangu."

Zikawekwa grenda tatu ndogo juu ya meza. Muuzaji alianza kusifia ile ya betri, kwamba haina waya wa kujikwaa.

"Soketi yangu iko hatua tatu toka kwenye kazi. Betri nitailipia nini?"

Ile ya bei ya chini kabisa aliigeuza, akasukuma swichi. Ikanasa palepale.

"Hii nikiiachia inazima?"

"Mpaka uirudishe mwenyewe kwa kidole."

"Hiyo tumeshajuana. Ziwashe nizisikie."

Akainamisha kichwa kama alivyokuwa akisikiliza mashine zake za soksi. Ile rahisi ililia kwa kukwaruza. "Beringi mbovu," akasema. Ya bei ya kati ililia mlio mmoja, mnene, na alipoachia swichi ikazima. Kinga yake ilikuwa imara, tena inageuzwa kwa mkono. Ilimkaa vizuri kiganjani.

"Kaboni za mota yake zikiisha, mnaziuza?"

"Tunaziuza. Mama, ulikuwa fundi wapi?"

"Soksi."

Pesa ambayo angeitia kwenye betri akaitia kwenye miwani, vizibo vya masikio, brashi ya waya ya kutolea kutu na diski nyembamba za kukatia. Diski za kwanza alizirudisha. Mwaka wa mwisho wa kutumika, ulioandikwa katikati, ulikuwa umepita, na muuzaji, masikio yakimwiva kwa aibu, akaenda kumletea nyingine.

Safari hii alilibana bomba kwenye jiliwa, kipande cha kukatwa kikaning'inia nje, ili mkato uzidi kufunguka badala ya kufumba. Akachomeka ncha za kitambaa chake cha kichwa, akasimama upande, asiwe mbele ya diski. Mkato wa kwanza aliufanya huku amezuia pumzi. Kufikia wa tatu alikuwa akipumua kama watu.

"Hilo fupi!" Leposava akapaza sauti kutoka dirishani.

"Nimelipima, mama!"

"Pima tena!"

Lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Persida akakata jingine.

Kisha akamwita Žika. Žika aliyatazama mabomba yaliyopangwa ukutani, yanang'aa, akapitisha dole gumba kwenye ncha moja.

"Nani kakukatia?"

"Mimi."

"Na kusawazisha?"

"Chomelea, Žika. Rakija ni baada ya kazi."

Kabla ya saa sita reli ilikuwa imesimama.

Rangi ilipokauka, Leposava alishuka. Kidato kimoja, anapumzika. Kidato kingine, anapumzika. Cha tatu mguu ulimyumba na Persida akanyoosha mkono.

"Ondoa."

Akauondoa. Bibi akafika chini, akaliendea benchi kwa fimbo, akakaa, akahesabu kuku.

"Yule mwekundu yuko wapi?"

"Tulimpika supu ulipotoka hospitali. Uliinywa."

"Hakuna aliyeniambia ni yule mwekundu!"

Wakagombana juu ya kuku huyo mpaka wakati wa chakula.