Olmo wa Nne wa Bi Argia

Loris Zanasi alikuwa fundi wa lipu, na nusu ya kuta za vijiji vyetu vya milimani zimepita mikononi mwake. Watu walimpenda kwa mambo mawili: hakuacha uchafu sakafuni, na hakusema uongo. Hilo la pili alilibeba salama hadi miaka hamsini na minane, kisha akaliangusha kwa ajili ya kisiki kisichofika hata kiunoni.

Visiki vilimwingia kichwani baada ya kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Alilala miezi mitatu, mguu juu, hadi mkewe Vilma alipochoka kusumbuliwa akamtupia gazeti la bustani. Humo ndani aliona picha ya bonsai: mti mzima, na kiburi chake chote, umekaa kwenye sahani. Alipopona hakwenda kununua. Fundi hanunui anachoweza kutengeneza mwenyewe. Alikwenda kuchimba, na huku kwetu cha kuchimba ni mti uitwao olmo. Zamani kila shamba lilikuwa na safu ya miti hiyo, na kila olmo uliozwa mzabibu: mti unasimama, mzabibu unaukwea, wanazeeka pamoja. Majani yake walilishwa ng'ombe wakati wa kiangazi. Kisha ukaja ugonjwa wa olmo, miti mirefu ikakauka yote, ikabaki iliyokatwakatwa na kutafunwa na mbuzi, mifupi, minene, yenye makovu. Mkulima huiona takataka. Loris akiiona mate yanamtoka.

Alikuwa mchimbaji mwenye adabu, nimpe haki yake. Aliomba ruhusa kwa mwenye shamba. Wakati wa vuli alifunga kitambaa kwenye mti aliouchagua, halafu akarudi mwisho wa Februari, kabla haujaanza kuchipua. Mashimo aliyafukia. Na olmo ni mti msamehevu. Unaukata mizizi hadi mwenyewe unaona haya, unautia kwenye sanduku la mbao lenye kokoto nyepesi, na Mei unatoa majani kana kwamba hakuna lililotokea.

Bi Argia, mjane wa miaka themanini na mitatu, alimpa miti mitatu kwenye ukingo wa mtaro chini ya nyumba yake. Malipo yalikuwa lipu ya ukuta wa jikoni, uliokuwa ukibanduka.

“Mitatu, Loris,” alisema. “Usije ukanihamishia shamba.”

“Mitatu, Bi Argia. Nikizidisha uniite mbuzi.”

“Mbuzi angalau anatoa maziwa.”

Loris akachana shuka kuukuu, akafunga vitambaa vitatu, akaenda zake.

Februari aliporudi alikuta vitambaa vinne.

Cha nne kilikuwa na maua ya buluu. Kilifungwa kwenye olmo uliokuwa peke yake mwisho wa safu, ambao wakati wa vuli ulifichwa na miiba. Shina lake lilikuwa nene kama paja, limejipinda mara mbili, na katikati lilikuwa na tundu ambalo ndege angeweza kulala humo. Loris alikaa chini kwenye matope. Alikuwa amechimba miaka kumi na minane na hakuwahi kukutana na mti kama ule.

Sasa, hakuna aliyezaliwa huku asiyejua kitambaa cha mwenye shamba kina maana gani. Kabla ya kichaka kufyekwa, mwenyewe hufunga kitambaa kwenye mti unaotakiwa kubaki. Tunauita mti mama, na mkata kuni akiugusa huo hapati kazi tena bonde zima. Baba yake Loris alikuwa mkata kuni. Lakini Loris naye ana vitambaa vyake, na vyake ni vya kuchukua. Basi akajiambia kwamba Vilma amechanganya matambara kwenye mfuko, na kwamba hiki amekifunga yeye mwenyewe akasahau. Mtu akikitamani kitu hakosi shahidi wa kumtetea. Simu ilikuwa mfukoni na hakumpigia Vilma amuulize. Alijitia hamnazo, akashika sepetu. Shina lilikuwa limezungushwa na kitu kama kamba kavu, nene, kinachopanda hadi matawini. Akakikata kwa msumeno. Pale alipokata palitoka tone la maji. Alilifuta kwa kidole akaendelea.

Siku mbili baadaye Ildo alishuka na mashine yake kuuzibua mtaro. Ildo alikuwa jirani wa Bi Argia wa upande wa juu, mfugaji mzee aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na mengi ya hayo ni malalamiko. Miaka kumi mfululizo alimletea Bi Argia maziwa kila asubuhi, na miaka kumi mfululizo alilalamika kwamba mizizi ya olmo wa bibi huyo inaziba mtaro. Bi Argia mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hospitali mjini kwa ajili ya nyonga. Aliporudi, Machi, akaukuta ukingo mtupu. Akampigia simu Loris.

“Mwanangu, niambie kweli. Ulichukua mingapi?”

Loris alikuwa bandani, mkono mmoja uko juu ya shina lenye tundu.

“Mitatu, Bi Argia. Kama tulivyoagana.”

“Nilijua. Basi ni huyu mnyama na mashine yake. Nilifunga kitambaa cha aproni yangu, Loris! Ule ndio uliobaki wa safu ya mume wangu, na mzabibu wake, wa mwisho. Ameng'oa mume na mke pamoja.”

Kesho yake Ildo alileta maziwa akakuta mlango umefungwa, na kesho kutwa pia. Bi Argia hakumwambia neno. Lakini aliwaambia kanisani, akawaambia dukani, akamwambia kila aliyekuja kumjulia hali nyonga, na kijiji chetu kina mdomo mpana. Kwenye baa, Ildo akiingia, wacheza karata walikuwa wanakumbuka shughuli nyumbani.

Loris aliyaona hayo yote. Kila Jumatatu alijiambia atasema Jumapili. Olmo ulichipua, majani madogo, mazuri mno, naye alikuwa akiumwagilia huku amegeuza uso.

“Mbona huu umeuficha nyuma ya banda?” Vilma alimuuliza. “Mingine unaionyesha hadi kwa postamasta.”

“Jua la mbele kali.”

“Jua la Aprili? Haya. Mimi ni mke, si mpelelezi, nakaa kimya.”

Usingizi ulimpungua. Alikonda hadi suruali ya kazi ikaanza kumvuka. Novemba Ildo aliuza ng'ombe, akahamia mjini kwa binti yake, ghorofa ya tatu, na Loris alipopata habari alirudia kupiga lipu ukuta aliokwisha kuumaliza. Hata hapo hakusema. Uoga ukishakaa miezi ndani ya mtu unapata mazoea ya nyumba.

Ukuta wa jikoni aliukwepa hadi Julai ya mwaka uliofuata. Visingizio vilipoisha alikwenda, akapiga lipu siku mbili, ukuta ukatoka laini kama maziwa. Bi Argia akafungua kabati, akatoa kichupa cha shira nyeusi ya zabibu, ile wanawake wetu huichemsha kutwa nzima wakati wa mavuno. Akaimimina yote juu ya kipande cha jibini laini.

“Kula. Ni ya mwisho.”

“Weka kwa ajili ya sikukuu, Bi Argia.”

“Ya sikukuu gani? Mzabibu umeuawa. Nimekuwekea wewe kwa sababu ulichukua mitatu uliyoahidi, hukuongeza hata mmoja. Watu wa hivyo wameisha.”

Loris alishika kijiko. Alikirudisha.

“Nilichukua minne.”

Bi Argia hakuelewa, ikabidi arudie. Alisema kila kitu, kitambaa, msumeno, lile tone. Alisema atauleta mti kesho, ataupanda palepale, atanunua mzabibu mwingine.

“Jino la pembe si dawa ya pengo,” Bi Argia alisema. Alikaa, mikono juu ya meza. Hakupiga kelele, na Loris aliomba kimoyomoyo apige. “Mwaka na miezi, Loris. Nimemtangaza yule mzee kanisani. Washa gari.”

Lifti ya jengo la binti yake Ildo ilikuwa mbovu. Bi Argia alipanda ngazi za ghorofa tatu kwa fimbo, akipumzika kila kipandio, na akaukataa mkono wa Loris. Ildo alifungua mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya ndani na amenyolewa ndevu vizuri mno, kama wagonjwa wanavyonyolewa na watu wengine.

“Mti niliuchukua mimi,” Loris alisema kabla hata ya salamu.

“Najua. Nilikuwa juu kwa ng'ombe. Nilikuona unautia garini umeuviringisha gunia.”

“Ulijua?” Bi Argia alishika kizingiti. “Ildo, ulijua halafu ukanyamaza? Kwa nini hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

Bi Argia aliikaza fimbo mkononi. Ildo akaendelea.

“Nilisimama mlangoni pako na maziwa, nikagonga. Ungesema ‘Ildo, ni wewe?’ ningekujibu ‘si mimi.’ Maneno mawili. Hukuuliza. Nikangoja uulize. Miezi minane nimengoja, Argia, nikamngoja na huyu aseme. Kisha nikauza ng'ombe.”

Akasogea pembeni, akamtazama Loris.

“Wewe pita. Umechelewa, lakini umesema kwa mdomo wako. Argia, wewe ningoje hapo.”

Loris alijikuta jikoni, amekalishwa, amewekewa kahawa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa kahawa hakujiandaa. Ildo alikaa upande wa pili wa meza, akaangalia dirishani, kwenye madirisha ya watu wengine. Nje kwenye ukumbi fimbo iligonga sakafu. Bi Argia alikuwa akibadili mguu wa kusimamia.

Loris hakuvumilia. Alinyanyuka na kikombe, akampelekea mlangoni.

“Kunywa, Bi Argia. Tafadhali.”

“Sijakaribishwa mimi,” alisema, macho yakiwa sakafuni. “Umekaribishwa wewe. Kunywa.”

Loris akainywa pale pale kizingitini, mbele ya bibi aliyesimama, akaimaliza yote, kwa kuwa sasa Ildo na Bi Argia wote wawili walikuwa wanamtazama.