Mti Niliomchagulia Baba

Baba alinifundisha kuchagua mti wa kuwindia kabla sijajua kusuka nywele. Mimi ni kifungua mimba wake, na kwa miaka mingi hakuwa na mtoto mwingine. Majirani walipomcheka kwamba anampeleka binti porini, aliwajibu kwamba yeye anampeleka mwindaji. Pori letu, huko Tabora, ni la wazi: mwenye kibali cha wilaya anaruhusiwa kuwinda humo, na mti haumsubiri mtu. Ukichelewa unakuta mwenzako ameshafunga ulingo wake, jukwaa la fito la kukalia juu, na adabu inataka upite kimya ukatafute kwingine.

Baba hakukaa karibu na maji. Sheria inakataza, na yeye mwenyewe aliona aibu kumuua mnyama mwenye kiu. Alitafuta njia ya pongo, aina ya swala, pale wanapotoka kichakani kwenda kula, kisha akachota vumbi, akaliachia, akaangalia linaelekea wapi. Upepo utoke kwa mnyama uje kwako, basi. Ukikosea hapo, hata ukae mwezi mzima utaambulia kuumwa na mbung'o. Nilipofika miaka kumi na miwili alikuwa akiniachia mimi nichague, na nilikuwa sikosei. Nasema hivyo bila kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo.

Sasa natandika vitanda hotelini Doha, mwaka wa sita huu, na nalala Al Wakrah chumba kimoja na Mkenya wa idara ya kufulia. Mwaka juzi macho ya baba yaliharibika kwa presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba yatapungua mpaka yaishe. Baba hakulia, alisema anataka jambo moja tu: amwone pongo akitoka kichakani, mara moja, kabla giza halijamfunga. Hata asipompiga. Nikatuma pesa, mdogo wangu wa kiume akashughulikia kibali, wakapewa siku saba.

Mti nikauchagua mimi. Nilikuwa kantini ya wafanyakazi, wali umepoa mbele yangu, nikafungua ramani ya simu, ile yenye picha zilizopigwa kutoka juu. Nikaliona korongo letu. Nikakiona kichaka upande wa mashariki, kizito vilevile, na magharibi yake, penye kona, mninga ninaoufahamu hadi mabaka ya gome lake. Mwezi wa saba upepo wa kwetu hutoka mashariki. Nikaweka alama, nikatuma. Mwenzangu wa chumbani alichungulia simu akacheka.

"Aki wewe! Unawinda ukiwa Doha? Si ungoje tu swara akuje hapa lobi!"

Nilicheka naye. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Jioni mdogo wangu akapiga. "Dada, pale pamebadilika kidogo. Mimi nilikuwa naona ng'ambo ya pili..."

Sikumwacha amalize. Nilimuuliza ni nani aliyefundishwa na baba, yeye au mimi. Nikamuuliza na ni nani aliyelipia kibali. Hilo la pili ndilo linaloniuma hadi leo, maana alisema tu, "Sawa dada. Wewe ndiye mwenye kauli."

Kwa siku saba nilimpigia baba kila nilipotoka kazini. Saa za Doha na za kwetu ni zilezile, kwa hiyo nilijua hasa ameshuka mtini saa ngapi. "Mahali pazuri, mama," alikuwa akisema. "Leo wamechelewa tu." Siku ya saba aliniambia wanyama wameadimika siku hizi, lakini mti niliuchagua vizuri sana. Nikaamini. Masika ilipoanza alikuwa hatofautishi tena mlango na ukuta.

Ukweli niliupata mwaka huu, kwenye ugomvi. Nilimfokea mdogo wangu kwa simu kwa sababu alisahau kumnunulia baba dawa ya matone, ile ya kupunguza maumivu, naye uvumilivu ukamwisha.

"Dada, wewe unaongea tu toka huko! Kile kichaka kilishakatwa. Ni shamba la tumbaku, mwaka wa tatu. Pongo walihamia nyuma ya mti wako, na upepo ulikuwa unawapelekea harufu yetu moja kwa moja. Kila asubuhi tunawasikia wanabweka mgongoni, baba anasikia. Siku ya pili nikamwonyesha nyayo mbichi, nikamsihi tuhame. Kuhamisha ulingo ni kazi ya nusu siku!"

"Kwa nini hakuhama?"

Alipojibu, hasira ilikuwa imemtoka.

"Alisema, dada yako akijua kwamba hapajui tena kwao, atarudi kufanya nini?"

Nilikuwa chumba cha mgeni. Nilikaa kwenye kitanda nilichokwisha kukitandika, jambo ambalo limekatazwa kabisa, nikalia mpaka shuka ikalowa na ikabidi niibadilishe. Baba yangu alikuwa na siku chache za kuona, na saba kati ya hizo alizitumia kutazama shamba la tumbaku la mtu, kwa makusudi, ili mimi nisijione mgeni kwetu. Picha ya simu ilikuwa ya zamani. Na mimi pia, nadhani.

Nilimpigia jioni ileile nikiwa nimejiandaa kumwomba radhi. Wiki hiyo nilikuwa nimetia saini mkataba wa miaka mingine miwili bila likizo, na hilo nalo nilitaka kumwambia. Kabla sijaanza aliniuliza narudi lini.

"Desemba, baba."

Alifurahi mno. Alimwita mdogo wangu aje asikie, akamwita na jirani. Kisha akaniambia nikifika nitamshika mkono twende porini, tukae chini ya mti wowote, niwe namwambia kinachotokea kichakani. Nikasema sawa, nikamuuliza kama ameshakula.