Mama Mkwe Haguswi

Mama alisikia kwa jirani kwamba pampu ya zamani ya maji, huku kwetu Luzira, imefunguliwa tena. Hakuuliza imefunguliwa vipi. Alichukua jerikeni, akanivuta tukashuka ziwani. Mlangoni mlinzi akamwita bibi kwa Kiganda, "Jaja, hiyo jerikeni bakisha nje. Hapa ni makumbusho." Nilipandwa na hasira, ndugu yangu, na hadi leo haijashuka.

Nilikulia karibu na pampu hiyo, kwenye kota za polisi, vita vya themanini na sita vikiwa vimekwisha juzijuzi. Mjini mabomba yalikuwa makavu, lakini hapa maji yalitoka. Asubuhi mashine ilinguruma mpaka vifuniko vya sufuria vikacheza jikoni, na mama, huku akisonga posho, alisema, "Ameamka." Basi tukakimbia kupanga jerikeni foleni, tukipita kwenye mukene, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani, harufu yao ikituganda nguoni. Wakenya wa sokoni, wake wa askari wa kaskazini, Waganda wa kilimani, wote walichota kwenye bomba moja. Waligombana, wakataniana, wakatwishana jerikeni vichwani.

Fundi wa pampu, Mganda, aliiita mashine ile Mama Mkwe. Kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata njiani humpisha. "Huyo ni mama mkwe yangu, hakuna kugusa!" alitufokea. Yeye mwenyewe alivua kofia kabla ya kuingia. Tulimcheka, ila hakuna aliyethubutu kuisogelea.

Sasa wameipaka rangi ya kijani. Nilikuta bwana mmoja ameikalia, mguu huku, mguu kule, akipigwa picha. Ukutani wameandika kwamba hapa ndipo Kampala ilipokuwa ikipata maji. Ilipokuwa! Hawaoni hata aibu. Na ndani ya kabati la kioo wameweka jerikeni kuukuu, wakaiwashia na taa, wakati ya mama imeachwa vumbini.

Mtaani kwetu bomba halijatoa maji wiki ya pili hii. Waliopata akili ya kupaka rangi hawakupata akili ya kuuliza majirani wanakunywa nini. Siililii mashine; mashine huchakaa. Kinachoniuma ni kwamba zamani, nchi ikiwa imetoka kupigwa, hakuna aliyerudi kutoka pale mikono mitupu.

Mama alizunguka chumba chote akitafuta bomba. Hakuliona. Tulipotoka aliniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko matusi:

"Kwani vita ingine ilipita lini? Mimi sikusikia."