Swichi ya Mlango wa Jikoni

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana karibu wote wameshatangulia. Baba yangu Anyelwisye, fundi wa kukereza vyuma. Mama yangu Bupe, ambaye watu walimwita Mama Tusekile kwa jina langu mimi, mtoto wa kwanza. Mdogo wangu Lusajo. Babu, mzee Mwakatobe, baba yake baba, aliyekuja kutoka Rungwe kutusalimia. Na Bwana Salum, fundi umeme, mtu wa Tanga aliyehamia kwetu, ingawa dakika yenyewe yeye alikuwa msikitini. Nyumba ilikuwa Mbeya mjini, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru.

Wenzangu mnazikumbuka enzi zile. Baridi ya mwezi wa sita, ukungu umelala juu ya mlima Loleza mpaka jua lichomoze, tunakwenda shule peku tunakanyaga umande, kibao cha kuandikia kwapani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini umande wote niliukanyaga. Tukirudi tunakula mbalaga, zile ndizi za kwetu, kwa maziwa mgando, halafu ni mchezo wa mdako mpaka giza. Watoto wengine walichezea udongo, sisi watoto wa fundi tulichezea chuma. Mashine ya baba ilikuwa inakwangua chuma, kile chuma kinajikunja kama nywele za mzungu, kinadondoka kinang'aa. Tunasubiri kipoe, tunajivika shingoni, tayari ni mabibi harusi. Vidole vilichanika na hakuna aliyepelekwa hospitali. Siku hizi mtoto akichomwa na mwiba, picha inatumwa mpaka kwa shangazi yake Dodoma.

Mashine yenyewe, iliyokaa kwenye chumba cha nyumba yetu tulichokiita karakana, ilikuwa kuukuu. Baba aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga machimbo yake ya dhahabu huko Chunya. Ilizungushwa na injini ya mafuta iliyokaa nje, kwa mkanda mrefu wa ngozi uliopita kwenye tundu la ukuta. Mkanda ule ulipiga pata-pata, pata-pata kutwa nzima, na mama alipika kwa kuifuata sauti hiyo. Ukinyamaza, anajua baba ananawa mikono, ugali unasongwa. Kuisimamisha, baba hakutumia hata mkono. Kulikuwa na kipande cha mti pembeni, kama mpini. Akiusukuma kwa goti, mkanda unahamia kwenye gurudumu la bure, lile lisilozungusha kitu, na mashine inalala.

Umeme ulipofika mtaani kwetu, baba akataka mota. Injini ikaondoka, mti wa goti ukang'olewa tukaupikia maharage, na Bwana Salum akaja na nyaya zake. Swichi akaifunga ukutani kando ya mlango wa kwenda jikoni, kwa kuwa umeme uliingilia upande huo. Tena akaifunga juu.

"Bwana Salum, mbona mbali na mashine?" baba akamuuliza. "Na juu hivyo?"

"Fundi, una watoto wawili kama kima. Nikiiweka chini wataniitia msiba. Wewe una miguu, tembea!"

Baba akacheka. Mama naye akacheka huko jikoni. Ikapita hivyo.

Sasa vijana wanisikilize, maana hili hawalijui. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hali naye, hamtaji jina, njiani anachepuka porini mzee apite. Mama alikuwa akisema, "Mkwe ni kama moto, unauota kwa mbali." Babu akija, aliingia kwa mlango wa mbele, mama akabaki uani jikoni, na chakula tulikipeleka sisi watoto. Mwanamke akivunja mwiko huo, kikao kiliitwa, na wengine walirudishwa kwao na aibu yao kichwani. Mama alikuwa ameolewa miaka mingi na alikuwa hajauona uso wa babu hata mara moja.

Siku moja ya mwezi wa sita, mchana, babu aliingia karakana kuitazama mota. Alikuwa amevaa blanketi, fundo begani kama wazee wa wakati ule. Baba alikuwa anakereza chuma kikubwa cha lori la kutoka Iringa. Mimi, mama na Lusajo tulikuwa uani tunamenya ndizi. Tulimsikia babu akisema, "Na ule mti wa goti uko wapi?" Baba akamjibu, "Tata, sasa ni umeme." Babu akainama aone vizuri, na ncha ya blanketi ikashikwa.

Mashine haina huruma. Ilianza kulivuta blanketi polepole, inalikunja, na fundo likahama kutoka begani kwenda shingoni. Baba alimkumbatia babu kiunoni, mguu ameukaza kwenye chuma, anamvuta nyuma. Akimwachia ili akimbilie swichi, babu anakwenda na blanketi lake.

"Zimeni!" baba akapiga kelele. "Zimeni huko!"

"Lusajo, kazime!" mama akasema.

Lusajo akakimbilia ndani ya mlango, akaruka, akaruka tena. "Sifiki, mama! Sifiki!"

Mimi nilikuwa nimemzidi kimo kwa kiganja tu. Nilijaribu, nikagusa ukuta mtupu. Nyuma yangu nikasikia babu anakoroma.

Mama akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu. Akavuta kanga ikamfunika kichwa na uso wote, akageuka, akaingia karakana kinyumenyume, mgongo mbele, anapapasa ukuta kama kipofu. Bangili zake zikagonga ukutani, kwa-kwa-kwa. Halafu swichi ikalia, tap.

Kimya kile ninakisikia hadi leo.

Mama akatoka, akakaa, akachukua kisu. Ndizi aliyokuwa akiimenya aliikata yote pamoja na ganda. "Nitarudishwa kwetu," aliniambia kwa sauti ndogo. "Utamtunza Lusajo."

Ndani babu alikohoa, akakohoa. Kisha akauliza, "Anyelwisye, nani amezima?"

Baba akasema, "Mtoto, tata."

"Mtoto?"

"Ndiyo, tata. Mtoto."

"Watoto wako siku hizi wanavaa bangili?"

Mama aliacha kupumua, nami pia. Babu akasema kwa nguvu ili mlango wa jikoni usikie, "Basi mwambie huyo mtoto, ndaga fijo. Ahsante sana. Na huyo Salum wako aje aitoe hiyo swichi hapo. Huyo mtoto asisumbuliwe kila siku."

Mama alilia kwenye ndizi mpaka tukazila na chumvi ya ziada.

Kesho yake Bwana Salum alivuta nyaya upya. Alileta kitufe chekundu, akakifunga kwenye mguu wa mashine, palepale goti la baba lilipozoea. Na babu, kila akija au akituma mtu, alileta mkungu wa ndizi. "Wa yule mtoto mwenye bangili," anasema. Mpaka amekufa hakumwita vinginevyo.

Juzi mke wa mjukuu wangu kamwambia mwanangu, ambaye ni baba mkwe wake, "Baba, sogea basi tupige selfi." Wakabanana kwenye kochi, wakacheka. Sisemi ni vibaya. Ila nilimkumbuka mama. Uzeeni, babu akiwa amezikwa siku nyingi, aliniuliza, "Tusekile, hivi babu yako alikuwa na sura gani?" Nikamwambia, kama baba, ila masikio makubwa. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Ndiyo maana aliisikia bangili," akasema.

Kama yupo aliyekuwa mtaani kwetu wakati ule, na nimekosea rangi ya kitufe au mwezi wenyewe, aniambie nirekebishe. Lakini kuhusu bangili asinisahihishe mtu. Nimezivaa hapa ninapoandika.