Siku Zuwena Alipojipamba Simpo

Mwambie mtu yeyote wa Makorora kwamba una shughuli ya kuoza, akishakupa hongera tu atakuuliza kama umeshamwona Zuwena. Zuwena binti Mboni ndiye mpambaji wa maharusi, na mkono wake hauna mchezo. Akikupamba umepambika. Kuna bwana harusi mmoja wa Ushongo aliyefunua mtandio wa mkewe, akaurudisha taratibu, akamwuliza kungwi kama hakukosea chumba. Hadithi hiyo anayeisimulia ni Zuwena mwenyewe, tena akiwa anacheka mpaka ananyoosha miguu, maana yeye ndiye mtu wa kwanza kujicheka na wa mwisho kujirekebisha.

Husemwa mganga hajigangi. Huyu alijiganga kila siku ya Mungu. Hata kwenda dukani kununua chumvi, Zuwena hakutoka mlangoni bila faundesheni, poda, kope za bandia na mdomo mwekundu. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia ni tangazo la biashara. Uongo mtupu. Sababu ilikuwa nyusi. Nyusi zake alizinyoa mwenyewe kwa wembe, usichanani, wakati fasheni ilitaka nyusi nyembamba za kuchora, akijua zitaota tena kama ukoka unavyoota. Nyusi za watu wengine ukizinyoa huja kwa hasira. Zake zilisusa. Tangu hapo kila asubuhi alichora nyusi kwanza ndipo amwamkie mama yake.

Basi mwanamke huyu, aliyekwisha kuolewa mara moja akaachika akarudi Makorora na sanduku lake la vipodozi, aliletewa posa. Posa yenyewe si ya kubahatisha. Mposaji ni Mudathir, mgane wa Kigombe mwenye duka la mabati Ngamiani, mtu mpole, wa msikitini, ambaye hata wapinzani wake wa biashara walishindwa kumtafutia kasoro. Zuwena alikuwa amemwona mara moja tu, kwenye harusi moja ya Ngamiani. Yule bwana alimjia mlangoni kwa bibi harusi, akamtazama muda mrefu, akamwuliza kama yeye ndiye Zuwena, akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo Zuwena alikuwa amejipaka kila kitu alichokuwa nacho sandukuni. Posa ilipokuja hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia. Kazi ya mikono yake imempatia mume.

Na alimtaka. Tuseme kweli, alimtaka sana. Alikuwa amechoka kuwapamba wenzake, kuwapigia vigelegele, kisha kurudi nyumbani kula kiporo. Lakini posa ya watu wa pwani haimaliziki kwa wanaume kukaa barazani. Ilikuja habari kutoka Kigombe kwamba Bi Saleha, shangazi aliyemlea Mudathir, atapita Jumamosi baada ya chakula cha mchana kunywa chai. Hakuna asiyejua chai hiyo ni ya nini. Bi Saleha anakuja kumtazama, na akirudi Kigombe akatikisa kichwa, posa imekufa.

Hapo ndipo akili ya Zuwena ilipoanza kwenda mbio. Akijipaka kama kawaida yake, shangazi mtu atasema kijana anataka kuoa mdoli wa dirishani. Asipojipaka, shangazi atamwona mtu asiye na nyusi, na Mudathir atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Dawa ilikuwa moja, mekapu simpo. Ule upakaji wa mtu anayeonekana ameamka hivyo, ngozi laini, mdomo wa wastani, kila kitu kipo na hakuna kinachopiga kelele. Tatizo likawa moja pia: mpambaji maarufu wa Makorora hakuujua. Mkono uliozoea kupiga lipu huwezi kuuambia leo udarizi.

Ikabidi ameze mate machungu, abishe hodi kwa jirani yake Leticia. Leticia alikuwa karani katika ofisi ya mashamba ya mkonge, Mshambaa, Mlutheri, binti wa watu waliohamia mashambani kutoka Lushoto. Kila asubuhi alitoka kwake akiwa amependeza, na huwezi kusema amepaka nini. Kwa miaka yote Zuwena alikuwa akimcheka kwamba anakwenda kazini na uso haujamalizika. Sasa alikaa kwenye kigoda chake kama mwari, akaomba afundishwe. Leticia hakumkumbusha hata tusi moja, jambo lililomwuma Zuwena kuliko kama angekumbushwa yote.

Somo lilianza Jumamosi asubuhi. Nawa, paka mafuta mepesi, kisha ngoja. Kungoja ndiko kulikomshinda Zuwena, maana bibi harusi hangoji, gari lipo nje linapiga honi. Faundesheni ni nukta chache, zisambazwe kwa sponji yenye unyevu mpaka zipotee. Konsila ni pale penye baka tu. Poda ni puani na kwenye paji la uso, si uso mzima kana kwamba umetumbukia kwenye unga wa sembe. Wanja uwe mwembamba, na rangi ya mdomo ifanane na mdomo uliozaliwa nao. Zuwena alijaribu, akatoka yuko tayari kwenda ukumbini. Akanawa. Akajaribu tena, akawa mama wa bibi harusi. Akanawa. Nyusi ndizo zilizowatesa zaidi, maana Leticia alitaka zichorwe kwa vijistari vidogo vidogo, unywele mmoja mmoja, na Zuwena kila akiishika penseli mkono unateleza wenyewe unachora boriti.

"Dada Zuwena," Leticia akamwambia mwishowe, kwa upole ule wa watu wa milimani, "ukiona bado kidogo tu umalize, hapo ndipo uache."

Adhuhuri ilipoadhiniwa Zuwena alinawa mara ya mwisho, akatawadha vizuri, akasali. Hapa pana siri ya kazi lazima niieleze. Uso ukishapakwa hivi, maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi, kwa hiyo maharusi wa Zuwena hutawadha kwanza, ndipo wapakwe, kisha waulinde udhu wao kama roho mpaka sala inayofuata. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaonya wasiguse maharage wala kabeji siku hiyo, na akiwaonya alikuwa mkali kuliko daktari. Naye akapanga vivyo hivyo. Udhu wa adhuhuri atauvuta mpaka alasiri, wageni watamkuta yuko sawa mbele ya Mungu na mbele ya kioo.

Akakaa akajipaka kwa mara ya mwisho, na safari hii, kwa rehema za Mola, ikakubali. Leticia alirudi nyuma hatua, akatazama, akapiga makofi kwa furaha. Mama mtu, Bi Mboni, alipita na bakuli la kaimati, akamtupia jicho binti yake, akamwuliza mbona leo hajajipaka, wageni wako njiani. Kazi ya nusu siku, na mama hakuiona. Zuwena hajapata kusifiwa vile maishani mwake.

Kwa furaha hiyo, Leticia akaleta chakula cha mchana kutoka kwake. Wali na kunde za nazi. Na Zuwena, mwalimu wa maharusi, bingwa wa kuwakataza wenzake maharage, akazila. Alizila kwa adabu zote, mgongo umenyooka, kijiko hakigusi mdomo, fikira zote ziko kwenye rangi ya mdomo isitoke. Kwamba kunde na maharage ni ndugu wa tumbo moja hakukumbuka mpaka zilipokwisha kushuka. Na kunde hazina siri. Saa nane alipokuwa peke yake chumbani akitafuta mkufu, udhu ulimtoka, tena bila kificho. Akaduwaa. Akaangalia kioo, uso ule mzuri ukamwangalia. Akajiambia basi, wageni watakunywa chai watakwenda, alasiri atatawadha wakishaondoka.

Bi Saleha alifika na mwenzake Bi Khadija, wote wamevaa mabaibui, mwendo wa taratibu. Zuwena aliwafungulia mlango, akapiga shikamoo mbili zilizonyooka, akaitikiwa marahaba. Wakaketi, wakapewa chai ya tangawizi, wakaulizana hali za watu wa Kigombe na za Makorora mpaka wagonjwa wakaisha. Zuwena alijibu kila alichoulizwa bila kuzidisha neno. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Bi Saleha alikuwa akimtazama usoni kupita kiasi, kama mtu aliyeangusha sindano mchangani, na kila akimtazama uso wake yeye Bi Saleha ulizidi kupoa. Kaimati aliisifu. Nyumba aliisifu. Lakini kikombe cha pili cha chai alikikataa, akaanza kutafuta mkoba wake, na Zuwena akaona dhahiri kwamba anashindwa na hajui anashindwa wapi.

Ndipo alasiri ikaadhiniwa. Bi Saleha akaweka mkoba chini, akasema njia ya Kigombe si fupi, afadhali wasali pale pale kwanza. Akamgeukia Zuwena.

"Tusali pamoja, mwanangu. Udhu unao?"

Eh, Zuwena. Majibu yalikuwa mawili, yote rahisi. Angesema ninao, nani angemkatalia? Zile kunde hazikuwa na shahidi. Au angesema leo hayumo kwenye sala, wanawake wakaelewana, mambo yakaisha. Ulimi ulishalishika lile la kwanza. Kisha akajiona mwenyewe, amesimama bega kwa bega na shangazi wa watu, mbele ya Mola, hana udhu kwa sababu ya kunde, anamficha Mungu penseli ya nyusi ambayo Mungu amekuwa akimwona akiichora tangu usichana wake. Aliona aibu, na aliona pia kwamba jambo lenyewe ni la kuchekesha, na hilo la pili ndilo lililomshinda. Ndoa ikianza kwa uongo wa nyusi, uongo wa pili utakuwa wa nini?

"Sina, mama," akasema. "Nilikuwa nao, umenitoka."

Akaenda uani kwenye ndoo. Maji peke yake hayakufua dafu, ikabidi achukue mafuta ya nazi ya mama yake ya kupikia, ajisugue nayo, anawe kwa sabuni, ndipo atawadhe. Kazi ya nusu siku ilikwenda na maji mara moja, ikaingia kwenye shimo la bafu pamoja na vijistari vya Leticia, unywele mmoja mmoja. Alipojipapasa paji la uso likawa tupu kama yai. Akajisemea kwamba angalau safari hii akikataliwa, atakuwa amekataliwa yeye, siyo kiwanda cha poda.

Hakuwa shujaa, lakini. Alirudi sebuleni, mkeka umeshatandikwa, amevuta shela mpaka machoni, akasali nao hivyo, na kila akisujudu shela linarudi nyuma, na kila akiinuka analivuta, mpaka ikawa sala yake nzima ni vita na kitambaa. Katika sijida ya mwisho akaliacha. Alipotoa salamu kulia, alikuta Bi Saleha amekwisha kumaliza, ametulia kwenye mkeka, anamtazama. Na uso wa Bi Saleha ulikuwa umechangamka kabisa.

"Khadija," akasema. "Ndiye."

Bi Khadija akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, akaomba kile kikombe cha pili cha chai.

Zuwena aliuliza ndiye nani. Bi Saleha akamsogeza karibu, akamweleza. Mwezi wa Shaabani Mudathir alikuwa akimwuguza mjomba wake katika hospitali ya mkoa. Kila siku saa ya kuona wagonjwa, akipita mlango wa wodi ya wanawake, alimwona mwanamke mmoja amejifunga kanga mbili, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, anamlisha mama yake uji huku akimtania, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wanashika mishono yao kwa kucheka. Akamwuliza muuguzi jina, akaambiwa Zuwena wa Makorora. Zuwena alizikumbuka siku zile. Sanduku la vipodozi hata hakulifungua, mama yake alikuwa amepasuliwa, nani angekumbuka nyusi? Alikuwa anadhani hakuna mtu aliyemwona.

"Kisha akaenda kukutafuta kule harusini Ngamiani," Bi Saleha akaendelea, "akaonyeshwa mtu mwingine kabisa. Jina lile lile, sura siyo. Akapeleka posa kwa kulitegemea jina, na mwezi mzima sasa hana amani, hajui kaipeleka kwa nani. Ndiyo akanituma nije niangalie. Nawe umenifungulia mlango na nyusi zako, nikajua tumekosea nyumba. Aliniambia hivi: shangazi, ukimkuta mwenye nyusi, kunywa chai ya watu, urudi. Ninayemtaka mimi hana."

Bi Mboni, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia kwa ajili ya heshima, aliangua kicheko akashindwa kujizuia. Zuwena hakucheka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake lilikuwapo jambo la kumcheka Zuwena na Zuwena hakuliweza. Alikaa pale kwenye mkeka, mikono usoni, analia, kwa sababu lile neno ninao lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi, na kama angelitamka wangesali wote watatu, wangeagana vizuri mlangoni, na asingejua mpaka anakufa kwa nini alikataliwa.